Kutoka Ambulensi Hadi Utabibu: Maswali Wanayoniuliza Watu wa Kigoma

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu ninaokutana nao kazini: wahudumu wa afya wanaosindikiza wagonjwa, madereva wa m-mama (mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga), vijana waliojitolea Msalaba Mwekundu kwenye kambi za wakimbizi, na wauguzi wawili watatu waliochoka kusikia "subiri tabibu aje". Mimi nilikaa nyuma ya gari la wagonjwa miaka sita kabla ya kwenda chuo kusomea utabibu. Kanuni nimezieleza zilivyo. Penye maoni yangu utayatambua.

## Mambo ya mwanzo

Tabibu si ndiye daktari tu?

Siyo, ingawa kuanzia Kibirizi hadi Kakonko kila aliyevaa koti jeupe anaitwa dokta. Kwa mpangilio wa serikali kuna tabibu msaidizi, tabibu, daktari msaidizi, kisha daktari mwenye shahada ya chuo kikuu. Tabibu ana stashahada ya miaka mitatu. Anamsikiliza mgonjwa, anampima, anaagiza vipimo, anaamua ugonjwa, anaandika dawa, anashona majeraha na kujua nani wa kumpa rufaa. Zahanati nyingi za vijijini mganga mfawidhi wake ni tabibu au tabibu msaidizi, na hapo hakuna wa juu yake wa kumwita kutoka chumba cha pili.

Wagonjwa wakikuita dokta, itika, huna haja ya kuwasahihisha wote. Lakini usiandike hivyo kwenye muhuri. Hapo unaingia kwenye kosa la kisheria.

Nimesikia Marekani watu wa ambulensi wanasomea kada inayoitwa PA, yaani "physician assistant", msaidizi wa daktari. Ndiyo hii?

Ni ndugu wa ukoo mmoja. Kada ile ilianzishwa Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965 na daktari Eugene Stead. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watu waliotoa huduma ya kwanza kwenye jeshi la majini, na watatu wakahitimu mwaka 1967. Wazo lilikuwa kwamba mtu aliyeshika majeruhi kwa mikono yake tayari ana kitu cha thamani, aongezewe elimu ya tiba. Ndiyo maana hadi leo watu wa ambulensi wa kule huiona njia hiyo kama yao.

Sisi hatukuwaiga. Mafunzo ya madaktari wasaidizi yalianza Tanganyika mwaka 1963, miaka miwili kabla ya Duke. Tofauti kubwa ni kwamba PA wa Marekani kwa kawaida hufanya kazi akiwa na daktari wa kumwegemea, na shule yake ni ya ngazi ya uzamili. Tabibu wa Kigoma huanza na cheti cha kidato cha nne na mara nyingi hujikuta peke yake. Habari za kwenda kusoma huko ziko mwishoni.

Sisi Kigoma hatuna "paramediki". Mimi ninayesindikiza wagonjwa nahesabika nini?

Unahesabika kwa cheti ulichonacho. Kiti ulichokalia garini hakina uzito wowote kwenye makaratasi. Magari yetu mengi hutoka na dereva na muuguzi, au dereva na mhudumu wa afya. Tiba ya dharura kama fani bado ni changa nchini: idara ya kwanza ya aina hiyo ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010. Kwa hiyo ukiomba chuo, andika kada yako halisi. Niliwahi kumwona kijana amejaza "paramediki" kwenye fomu, akapoteza wiki nzima kuulizwa cheti cha kitu ambacho hakukisomea.

## Sifa za kuingia

Natakiwa kuwa na alama gani?

Cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu usiopungua masomo manne yasiyo ya dini, na kati ya hayo lazima zimo kemia, biolojia na fizikia. D inatosha kukufanya uwe na sifa. Kupata nafasi ni jambo jingine, maana wenye C wako foleni hiyohiyo. Hesabu na Kiingereza huhesabiwa kama nyongeza.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mtu ana miaka minane ya kusindikiza wagonjwa, anaweza kuweka mpira wa dripu gari likiruka mashimo, lakini fizikia ana F ya mwaka aliomaliza shule. Mfumo hautamwona.

Nina F ya fizikia (au kemia). Ndiyo basi?

Hapana. Unajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea na kurudia somo hilo tu, mtihani ni Novemba. Huna haja ya kurudia yote saba. Tafuta mwalimu wa tuisheni na hasa mahali pa kufanyia mazoezi ya vitendo, kwa sababu mtihani wa vitendo ndio unaowaangusha watu waliosoma usiku peke yao nyumbani.

Ushauri wangu: kama hesabu au Kiingereza navyo ni F, virudie humohumo, hata kama chuo cha utabibu hakikulazimishi. Sababu ipo kwenye swali la kusomea udaktari, chini.

Miaka yangu ya kazi itanipunguzia muda wa chuo?

Haipunguzi hata muhula. Utakaa darasani na binti wa miaka kumi na tisa aliyemaliza shule juzi, na wote mtaanza na mifupa ya mkono. Nilinung'unika sana mwezi wa kwanza. Mwezi wa nne yule binti alikuwa ananifundisha kemia ya mwili, nikanyamaza.

## Chuo na pesa

Ni miaka mingapi, na inapandaje?

Mitatu. Mwaka wa kwanza ni ngazi ya 4, astashahada ya awali. Wa pili ni ngazi ya 5, na ukiishia hapo unakuwa tabibu msaidizi. Wa tatu ni ngazi ya 6, stashahada, nawe ni tabibu. Masomo ni kwa Kiingereza, na sehemu kubwa ya muda ni wodini. Kuishia ngazi ya 5 kwa ajili ya ukata wa pesa kunaeleweka, ila kurudi kumalizia kunakuwa kugumu ukishaanza kulea.

Niende chuo gani? Nitajuaje si cha kitapeli?

Vyuo vya serikali vya matabibu viko mikoa mbalimbali: Kibaha, Mafinga, Lindi, Maswa, Musoma na kwingineko. Vya mashirika ya dini na watu binafsi ni vingi zaidi. Kabla hujalipa hata senti, angalia kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya kati, kwa kozi hiyohiyo ya utabibu. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa kwa famasia au uuguzi, halafu utabibu wake haujaidhinishwa. Dalili nyingine ninayoiamini: uliza wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani na wagonjwa ni wangapi. Chuo kizuri kiko karibu na wodi iliyojaa. Majengo ya vioo yasikudanganye.

Gharama nje ya ada ni zipi?

Hosteli au chumba, chakula, bima ya afya, makoti mawili meupe, mashine ya presha, kipimo cha kusikilizia mapigo, kipimajoto, vitabu vya kunakili, nauli ya kwenda kwenye mafunzo ya vijijini. Hiki cha mwisho husahaulika. Ukipangiwa kituo cha mwambao wa kusini wa ziwa, kama upande wa Kalya, boti ina ratiba yake na tumbo lina ratiba yake.

Mkopo wa serikali upo?

Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwafikia wanafunzi wa stashahada, lakini kwa kozi teule. Fungua mwongozo wa mwaka unaoomba uangalie kama kozi yako imo kabla ya kupanga bajeti juu yake. Usichukue neno la jirani ambaye mwanae alipata kwa kozi nyingine.

Mimi ni mwajiriwa wa halmashauri. Niache kazi?

Usiache! Omba ruhusa ya masomo. Kwanza uwe umethibitishwa kazini, pili jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, tatu upate barua kabla ya kuondoka. Ninaowajua waliokwama karibu wote waliondoka kwa ahadi ya mdomo. Bosi alihamishwa, aliyekuja hakuwa na habari, mshahara ukasimamishwa kwa utoro.

Ukihitimu hubadiliki kuwa tabibu siku hiyohiyo. Unaomba kubadilishiwa kada, na hilo lina kibali chake na linaweza kuchukua muda mrefu. Kama mshahara wako wa zamani umezidi wa kuanzia wa tabibu, mwulize afisa utumishi kuhusu mshahara binafsi, yaani kubaki na ule wa zamani. Hapo kati utakuwa na cheti cha tabibu huku ukifanya kazi ya mhudumu. Inauma, na wakubwa wengine watakutumia kama tabibu kwa malipo ya mhudumu. Andika kumbukumbu zako.

Nikimaliza naanza kutibu tu?

Lazima kwanza uwe na usajili na leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika, chini ya sheria ya mwaka 2017 inayosimamia udaktari, udaktari wa meno na afya shirikishi. Leseni ina masharti ya kuhuisha na kuendelea kujifunza. Kutibu duka la dawa la shemeji "wakati nasubiri leseni" ndiko kulikowaponza wenzetu.

## Kazi yenyewe

Kitu gani kigumu zaidi kwa mtu aliyetoka kwenye ambulensi?

Kubaki na mgonjwa.

Garini kazi ni kufikisha. Unapewa mtu, unamzuia asife hadi mlangoni, unamkabidhi, unafuta machela, unarudi. Mzazi anayevuja damu baada ya kujifungua: unalikanda tumbo la uzazi, unahakikisha dripu inaenda, unamfunika asipate baridi, unamwambia dereva akaze mwendo. Nilifanya hivyo mara nyingi na nadhani nilifanya vizuri. Lakini kilichotokea baada ya mlango kufungwa sikukijua. Siku nyingine nilikutana na ndugu wa mgonjwa sokoni Mwanga nikaogopa kumuuliza.

Wiki yangu ya kwanza ya mazoezi ya wagonjwa wa nje, aliletwa mtoto wa miaka miwili mwenye homa. Nikapima malaria kwa kipimo cha haraka, kikasoma ndiyo. Nikamtazama anavyohema, moyo wangu ukasema: rufaa. Nikaanza kuandika. Tabibu aliyekuwa ananisimamia, mzee wa karibu kustaafu, akaichukua ile karatasi.

"Unampeleka wapi, mdogo wangu?"

"Hospitali, mzee."

"Hapa ndipo alipopelekwa."

Akanikalisha nihesabu pumzi za yule mtoto dakika nzima, kwa saa, mtoto akiwa ametulia kwa mama yake. Garini nilizoea kuhesabu robo dakika na kuzidisha mara nne. Zilikuwa arobaini na nane. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, arobaini na kuendelea ni pumzi za haraka. Tukaangalia kama kifua kinabonyea kwa ndani, hakibonyei. Kama anaweza kunyonya, ananyonya. Alikuwa na malaria na nimonia pamoja, akatibiwa yote mawili, akaambiwa arudi baada ya siku mbili na dalili zipi zimrudishe kabla ya hapo. Alirudi akila muwa.

Hiyo ndiyo kazi. Kipimo kimoja kikisoma ndiyo hujamaliza kufikiri, na mgonjwa akirudi anarudi kwako wewe. Watu wa ambulensi tuna mazoea ya kuona hatari na kuikimbiza kwingine. Mazoea hayo yanaokoa watu barabarani, ila ukiyaleta zahanati unajaza hospitali ya rufaa watoto waliostahili dawa na maelezo, na unamwingiza mama wa watu gharama ya usafiri ambayo hakuwa nayo.

Basi uzoefu wangu hauna faida?

Unayo, tena sana. Hutatetemeka. Wenzako wataona damu wataganda, wewe mikono itakuwa imeshaanza. Unajua kukabidhi mgonjwa kwa maneno machache. Unajua rufaa inavyoonekana upande wa pili, yaani karatasi isiyo na saa, isiyo na dawa zilizotolewa, imeandikwa "mgonjwa mahututi" basi. Wewe hutaandika hivyo.

Mimi si Mha (kabila la wenyeji wa huku). Lugha itanisumbua?

Mjini hapana. Buhigwe na Kasulu vijijini, kwa bibi mzee, ndiyo. Jifunze salamu kwanza, na uzijibu zote. Salamu ya Waha haikatwi katikati, na mgonjwa uliyemkatisha salamu atakuficha nusu ya ugonjwa. Ambulensi ilinifundisha kuuliza haraka. Bibi mmoja akanifundisha kukaa. Nilipomaliza kumwitikia ndipo akasema kwamba kikohozi kile kina miezi mitatu na anatoka jasho usiku. Nikampeleka kupima kifua kikuu.

## Hali za pembeni

Mimi ni dereva tu wa m-mama. Nami naweza?

Kwa nini usiweze? Mfumo ule unakupigia baada ya mtu kupiga 115 na kituo kuona hakuna gari la wagonjwa la karibu. Unabeba mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga, ukifikisha unalipwa kwa simu. Hiyo ni heshima kubwa, ila haitoi sifa ya kujiunga na chuo. Cheti chako cha kidato cha nne ndicho kitakachosema. Soma majibu ya sehemu ya sifa.

Na mhudumu wa afya ngazi ya jamii?

Jibu ni hilohilo. Mafunzo ya miezi sita hayahamishiki.

Mimi ni muuguzi mwenye stashahada. Nihamie utabibu?

Kwa kanuni utaanza ngazi ya 4 kama wengine. Kwa maoni yangu, fikiri mara mbili. Kama unachotaka ni kupanda, shahada ya uuguzi itakufikisha bila kubomoa ulichojenga, na utabaki chini ya baraza lako la uuguzi na ukunga. Kama unachotaka ni kuwa wewe unayeamua matibabu, basi njoo, ila usije kwa hasira za wodini. Huku nako zipo.

Nina miaka 38. Nimechelewa?

Chuo hakitakufukuza kwa umri. Piga hesabu ya ajira: matangazo ya ajira za serikali huweka ukomo wa miaka 45 kwa waombaji wapya. Ukianza na 38 ukamaliza na 41, una miaka minne ya kuomba. Aliye tayari kwenye ajira ya serikali asichanganye jambo hili na kubadilishiwa kada, aone swali la mwajiriwa wa halmashauri. Hospitali za misheni, kama Kabanga, zina utaratibu wao wa kuajiri.

Nikishakuwa tabibu, naweza kuwa daktari msaidizi anayefanya upasuaji?

Njia hiyo ilikuwepo, ya miaka miwili zaidi, na mafunzo yake yamesitishwa. Naliona pengo lake. Mkoa huu una deni kwa watu wale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kwenye hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma ulilinganisha upasuaji wa dharura wa uzazi uliofanywa na madaktari wasaidizi na ule wa madaktari wenye shahada, na haukukuta tofauti ya maana katika matokeo. Mmoja wa watafiti alikuwa Godfrey Mbaruku, daktari wa akina mama aliyekuwa hospitali ya mkoa wa Kigoma miaka ya 1980. Yeye na wenzake walishusha vifo vya uzazi hapo kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000 kati ya 1984 na 1991, kwa mambo ya bei rahisi mno: nidhamu ya kazi, damu ipatikane, vifaa vitengenezwe, kila kifo kijadiliwe. Ukipangiwa Maweni, ndiyo hospitali hiyo ya mkoa, ujue unakanyaga sakafu hiyo.

Basi niende moja kwa moja kusomea udaktari?

Inawezekana kwa stashahada ya utabibu. Mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hutaka wastani wa B au GPA ya 3.0, pamoja na angalau D za kidato cha nne katika hesabu, fizikia, kemia, biolojia na Kiingereza. Umeona sasa kwa nini nilisema urudie hesabu mapema? Nina rafiki mwenye GPA ya 4.1 aliyekaa chini kusoma logarithimu akiwa na miaka 34 na watoto watatu. Shahada ni miaka mitano na mwaka wa mafunzo kazini juu yake.

Na kwenda Marekani kuwa PA kwa stashahada ya hapa?

Stashahada haikubaliki hivyo ilivyo. Ili kukaa mtihani wao wa taifa lazima uwe umehitimu shule iliyoidhinishwa huko Marekani, na shule hizo kwa kawaida hutaka shahada ya kwanza na saa nyingi za kuhudumia wagonjwa. Ambulensi yako huko inaweza kuhesabika, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Mtu akikuomba pesa "akuhamishie cheti" uwe PA, ni tapeli.

Nikiwa tabibu, nitapanda tena ambulensi?

Utapanda. Usiku muuguzi akiwa mmoja na wazazi wawili wako chumba cha kujifungulia, atakayesindikiza ni wewe. Mara ya mwisho nilimsindikiza kijana aliyeanguka mchikichini, dereva ni yule wangu wa zamani. Tulipomkabidhi Maweni akawasha gari akanisubiri kama tulivyozoea. Nikamwambia atangulie kunywa chai. Nilitaka kwanza kuona picha ya eksirei.